Sura ya Saba: Mgema, Sifa na Ulimi

Methali isemayo mgema akisifiwa tembo hulitia maji hufundishwa shuleni kama onyo kwa wanaolewa sifa. Mwalimu huieleza hivi: fundi akipongezwa kupita kiasi huvimba kichwa, na kazi yake huharibika. Maelezo hayo ni sahihi, ila yanamtazama mtu mmoja katika biashara yenye watu wawili. Mgema hawezi kutia maji katika tembo na akaendelea kuliuza kwa bei ileile mpaka awe na hakika kwamba mnunuzi hatatambua. Kwa hiyo methali ina mshitakiwa wa pili ambaye hatajwi, naye ni mnywaji aliyesifu bila kujua anachokisifu. Sura hii inampandisha kizimbani huyo wa pili. Hoja yake ni kwamba kinywaji kilicho hai hakilindwi na sifa, hakilindwi na lawama, wala hakilindwi na sheria peke yake. Kinalindwa na ulimi unaojua kupima. Hoja hiyo inahusu tembo la mnazi la mwambao wa Bagamoyo, lakini ushahidi wake wa kwanza uko mbali na minazi, katika vilabu vya bia vya Uingereza.

Waingereza wana bia yao ya jadi iitwayo eli. Hamira ya eli hufanya kazi katika joto la wastani na kupanda juu ya pipa, tofauti na laga tuliyoizoea Afrika Mashariki, ambayo hamira yake hufanya kazi baridini na kutua chini. Zamani kimea cha shayiri kilikaushwa kwa moto wa kuni, kikatoka cheusi na chenye harufu ya moshi. Kuanzia karne ya 17 mafundi walijifunza kukikausha kwa koki, yaani makaa ya mawe yaliyounguzwa kwanza ili moshi wake utoke, wakapata kimea cheupe zaidi na bia ya rangi ya shaba inayong'aa. Mji wa Burton upon Trent ukapata jina kwa bia hiyo, kwa sababu maji ya visima vyake yana jasi nyingi, nayo jasi huufanya uchungu wa hopsi utokeze bila kukwaruza koo. Hopsi ni maua ya mmea utambaao. Aina mbili zilizotukuka kusini mwa Uingereza ni Goldings na Fuggle. Kazi ya maua hayo ni mbili: kutia uchungu na harufu, na kuwazuia bakteria wanaochachusha bia kabla ya wakati wake.

Kinachotuhusu zaidi ni namna eli hiyo inavyofika kwa mnywaji. Huondoka kiwandani ikiwa hai, hamira ikiwa bado ndani ya pipa, ikamalizia kuiva katika ghala la chini ya kilabu kwenye joto la nyuzi 12 au 13 hivi. Huvutwa kwa pampu ya mkono bila kusukumwa na gesi ya mtungi. Pipa likishafunguliwa hewa huingia, na mtunza ghala ana siku chache tu, tatu hivi, kabla bia haijaanza kuelekea kwenye siki. Bilauri moja ya mililita 568 ina kilevi cha asilimia 4 hivi, na ladha zake hazipigi kelele. Kuna ukoko wa mkate uliotoka jikoni, ganda la chungwa, majani makavu, kisha uchungu unaobaki nyuma ya ulimi kama wa mchunga uliopikwa vizuri. Kinywaji cha namna hii hutegemea uaminifu wa watu kadhaa wanaofuatana, na yeyote kati yao anaweza kukiharibu.

Nao walikiharibu. Katika miaka ya 1960 kampuni kubwa za Uingereza zilianza kuchuja bia, kuichemsha kidogo ili kuua hamira, kisha kuisukuma kwa gesi kutoka katika mapipa ya chuma. Bia hiyo haikuhitaji mtunza ghala hodari, haikuharibika upesi, na ilisifiwa mno katika matangazo. Huyo ndiye mgema wa methali yetu katika sura ya kiwanda: sifa nyingi, uhai kidogo. Mwaka 1971 marafiki wanne walianzisha chama cha wanywaji, CAMRA, ili kutetea bia iliyo hai. Mwongozo wao wa vilabu vyenye bia nzuri ulianza kuchapishwa kitabu mwaka 1974. Mwaka 1977 mwandishi Michael Jackson, ambaye hana undugu wowote na yule mwimbaji, alitoa kitabu kilichozipanga bia za dunia kwa aina zake na kuwapa wasomaji maneno ya kuzielezea. Mtu anaweza kusema kwamba eli iliokolewa na pesa wala si ulimi, na ni kweli kwamba nafuu ya kodi kwa viwanda vidogo, iliyoletwa mwaka 2002, ilisaidia sana. Lakini nafuu hiyo ilikuta wanunuzi tayari wapo. Kwa miaka 30 walikuwa wamejifunza kutambua, kutaja na kurudisha. Hata leo katika kilabu kinachojiheshimu, mteja aliyepewa bia iliyochachuka huirudisha kaunta na kubadilishiwa bila ugomvi. Desturi hiyo ndogo ina nguvu kuliko matangazo mengi, kwa kuwa inampa mwuzaji sababu ya kila siku ya kutunza pipa lake.

Sasa turudi kwenye minazi. Pwani ya Bagamoyo ina minazi ya tangu zamani, na wamisionari wa Roho Mtakatifu waliofika mwaka 1868 waliongeza mingine kwa wingi. Mgema hupanda kwa vidato, yaani mapengo yaliyochongwa kwenye shina. Ndilo neno lilelile ambalo kila mwanafunzi wa sekondari hulitumia kutaja darasa lake bila kukumbuka mnazi. Juu kileleni hulitafuta karara la maua ambalo halijapasuka, akalifunga ili lisifunguke, akaligongagonga na kuliinamisha kwa siku kadhaa, kisha akalikata ncha kwa kotama, kile kisu chake kilichopinda. Utomvu huanza kudondoka ndani ya kibuyu. Asubuhi na jioni lazima apande tena, akate kipande chembamba kama kucha ili kidonda kisizibe, amimine kilichopatikana, ashuke. Kwa siku karara moja hutoa lita moja au mbili hivi. Karara linalogemwa halizai nazi, kwa hiyo kila kibuyu cha tembo ni nazi ambazo mwenye shamba amekubali kuzikosa.

Utomvu unapotoka kwenye karara ni maji mang'avu matamu, yenye sukari kati ya asilimia 12 na 15, na hauna ukali wowote. Lakini hauna hopsi za kuulinda. Hamira za porini na bakteria waliomo hewani, kwenye miguu ya nyuki na kwenye masalio ya kibuyu cha jana huushukia papo hapo. Kabla ya mgema kufika chini umeshaanza kuwa mweupe kama maziwa yaliyotiwa maji, na viputo vinapanda. Ndani ya saa chache sukari inageuka kilevi na gesi, huku bakteria wengine wakitengeneza ukali mwanana unaofanana na wa mtindi. Baada ya siku moja kilevi hufika asilimia 5 au zaidi. Ikiingia siku ya pili, bakteria wa siki huchukua zamu, nao wakishachukua hawarudishi. Eli hupewa siku tatu baada ya kufunguliwa, tembo hupewa mchana mmoja na usiku wake. Ikiwa bia yenye maua ya kuilinda ilihitaji wanywaji werevu ili isife, tembo linawahitaji mara mbili.

Ulimi huo hufundishwaje? Kwanza kwa macho. Tembo zuri huwa na weupe mzito usiopenya mwanga, na povu lake laini hukawia ukingoni mwa glasi. Lililotiwa maji hufanana na maji yaliyooshea mchele, na povu lake hufa upesi. Pili kwa pua. Likiwa changa hunukia nazi mbichi, unga uliotiwa hamira na ndizi iliyoiva. Likianza kuzeeka huingia harufu inayochoma tundu za pua, na hiyo ni siki inayobisha hodi. Tatu kwa mdomo, nusu funda tu, likizungushwa polepole na kumezwa mdomo ukiwa umefungwa, ili hewa ipande kutoka kooni hadi puani. Sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni harufu inayopita njia hiyo ya nyuma. Asiyeamini abane pua anapokunywa, ataona vinywaji vingi vikibaki vitamu au vikali basi. Nne, na hili ndilo muhimu zaidi, ni kwa saa. Mwanafunzi wa tembo aonje la dumu lilelile asubuhi, adhuhuri na jioni, vijiko vichache kila mara. Atauona utamu ukiondoka na ukali ukiingia, kama watu wanaopishana mlangoni.

Kupishana huko ndiko kunakomfichua mdanganyifu. Kilevi na ukali vyote vinatokana na sukari. Kadiri vinavyoongezeka, utamu lazima upungue. Tembo changa ni tamu na halina ukali, tembo la jioni ni kali na utamu wake ni mdogo. Ukikuta tembo ambalo utamu wake umejaa na ukali wake nao umejaa, ujue kuna mkono ulioingia katikati, na mara nyingi mkono huo umeshika sukari ya dukani kufufua la jana. Maji nayo yana dalili yake: hayaondoi ladha moja, yanapunguza zote kwa pamoja, harufu, utamu, ukali na uzito. Mtu akielewa mambo haya mawili hahitaji maabara. Anahitaji kuwa ameshaonja tembo la kweli mara za kutosha kuwa na kipimo kichwani.

Mwanauchumi George Akerlof aliandika mwaka 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika, na kazi hiyo ikamsaidia kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Alionyesha kwamba mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na bovu, hutoa bei ya katikati kwa yote mawili. Mwenye gari zima huona bei hiyo haimlipi, akaondoka sokoni, na mabovu yakabaki. Wazee wa pwani walishalisema jambo la jirani na hilo kwa maneno matano kuhusu mgema. Tukilitazama shamba la minazi kwa jicho hilo, tunaelewa mengi. Mgema mwaminifu anayeosha vibuyu kila siku na kumwaga la jana anapata bei ileile na jirani yake mwenye dumu la maji. Mwenye minazi naye anapiga hesabu: aache karara lizae nazi au aligeme? Minazi yenyewe inapungua katika maeneo mengi ya mwambao, hasa kwa ugonjwa wa kunyong'onyea ambao watafiti wa kituo cha kilimo cha Mikocheni wamehangaika nao tangu wakati wa mradi wa taifa wa minazi. Pasipo mnunuzi anayelipia ubora, ubora unakuwa hasara.

Mtu wa Chalinze anaweza kusema kwamba habari hizi ni za watu wa ufukweni. Kwenye njia panda yake, barabara ya Morogoro inapoachana na ile ya Segera, Tanga na Moshi, kinachonywewa na msafiri aliyeshuka kula mishkaki ni laga ya chupa, na swali la mhudumu ni moja: ya baridi au ya moto? Swali hilo linahusu joto, halihusu ladha, na kwa laga linatosha. Laga imetengenezwa ili ifanane leo na kesho, Chalinze na Mwanza, na ubaridi mkali huutia ganzi ulimi kiasi kwamba hauna mengi ya kuhukumu. Hiyo si kasoro ya laga. Lakini mazoea yake yanapohamishiwa kwenye tembo, madhara huanza. Kutoka Bagamoyo kupitia Msata hadi Chalinze ni kilomita 100 hivi. Tembo lililoshushwa alfajiri, likafungwa katika dumu na kutikiswa juani njia nzima, linapofika limeshakuwa kinywaji kingine, na gesi imelifurisha dumu. Mnunuzi anayeliuliza tu kama ni la baridi amejinyima haki ya swali la maana: limeshushwa saa ngapi?

Pingamizi la kwanza dhidi ya haya yote ni zito, nalo ni la dini. Mwambao wa Bagamoyo ni nchi ya misikiti, na Uislamu umekataza kileo. Sura hii haimwombi aliyekatazwa avunje amri yake, na hoja yake haisimami wala kuanguka kwa yeye kunywa. Lakini hata asiyekunywa ana sababu ya kuujua utomvu huu. Wapishi wa pwani waliutumia kuumulia unga wa vitumbua na mikate, na ukiachwa ufike mwisho wa safari yake huwa siki. Zaidi ya hapo, kuna watu wanaoaminishwa kwamba tembo tamu ni maji matamu tu yasiyo na kilevi. Utomvu uliolala usiku kucha katika kibuyu kisichooshwa una kilevi tayari, hata kama utamu umekificha. Anayetaka kujiepusha anahitaji ulimi na pua vya kumwonya kama vile anayetaka kufurahia.

Pingamizi la pili linasema kwamba kumfundisha mtu kuonja ni kumfundisha ulevi kwa adabu. Tuweke hesabu wazi. Nusu lita ya tembo lenye kilevi cha asilimia 5 ina karibu gramu 20 za kilevi halisi, sawasawa na chupa ya bia ya nusu lita yenye nguvu hiyo, na ini halitofautishi kibuyu na chupa. Kwa mtu ambaye pombe imeshamtawala, mafunzo ya kuonja si dawa. Dawa yake ni kuacha. Lakini kwa wengine, kuonja na kulewa ni kazi mbili zinazopingana. Mlevi hunywa ili asihisi, mwonjaji hunywa ili ahisi, na ulimi huchoka mapema. Tembo lililochakachuliwa humfaa zaidi anayetafuta kulewa tu, kwa kuwa yeye hana shida na ladha ilimradi lifanye kazi.

La tatu ni uchafu: nyuki waliozama, sisimizi, madumu yaliyobeba vitu visivyojulikana. Malalamiko haya ni ya haki, na ndiyo yanayoipa hoja yetu uzito zaidi. Maji yasiyochemshwa yanayotiwa kwenye tembo si wizi wa ladha tu, ni njia ya magonjwa ya tumbo. Tanzania ina sheria ya vileo ya mwaka 1968 inayohusu vibali na uuzaji, lakini hakuna afisa awezaye kusimama chini ya kila mnazi alfajiri. Mnywaji husimama hapo, au karibu na hapo, kila siku. Wapo wanaopendekeza tembo lichemshwe na kutiwa chupani kama inavyofanyika Afrika Magharibi. Lifanyike, litawafaa walio mbali. Ila tuliite kwa jina lake, kwa maana kilichochemshwa kimeacha kuwa hai, kama ilivyokuwa kwa bia ya mapipa ya chuma.

La mwisho ni kejeli: kunusa glasi na kuzungusha kinywaji mdomoni ni mambo ya wazungu. Kejeli hiyo inasahau soko la Chalinze lenyewe. Mnunuzi wa nanasi la Kiwangwa hulinusa kitako, hulibonyeza, hulipima uzito mkononi na kutazama macho yake kabla ya kutoa hela. Muuza madafu hugonga ganda na kusikiliza. Kiswahili kimelipa tunda la mnazi jina kwa kila umri, kidaka, dafu, koroma, nazi, na hakuna aliyesema majina hayo yalitoka Ulaya. Kwa Wagiriama wa Kenya, ambao mwanaanthropolojia David Parkin aliwaandikia kitabu mwaka 1972 kuhusu minazi, tembo na mashahidi, kinywaji hiki kiliingia katika mahari na katika mapatano ya mashamba mbele ya wazee. Jambo la heshima kiasi hicho halikustahili kupokelewa kwa ulimi uliolala. Tatizo letu ni kwamba tembo lenyewe tumeliachia maneno mawili, tamu na kali, wakati nazi ina manne na zaidi. Waingereza walipokosa maneno walipoteza bia yao, na walipoyapata wakaanza kuirudisha.

Basi kama unakunywa, na unamkuta mgema ameshuka na kibuyu chake, usimsifu kabla ya kuonja. Muulize limeshushwa saa ngapi na kibuyu kimeoshwa lini. Likiwa zuri, mwambie uzuri wake uko wapi, ulipe bei inayomtofautisha na jirani yake. Likiwa na maji, lirudishe bila matusi. Mgema anayejua kwamba utatambua hatalitia maji, hata umsifu kutwa.